Nilinunua vifaranga 50 vya kuroila, sasa sijui nafuga nini

#1 MamaMudi (Fuoni)

Assalamu alaykum wana jukwaa. Naomba msome mpaka mwisho ndio mcheke.

Mwanzo wa Rajabu nilikwenda duka moja mjini, lile linalouza na mbegu na dawa za mifugo (jina sitaji), nikachukua vifaranga 50 vya siku moja vya kuroila, wale chotara wa nyama na mayai. Niliuliza mara mbili, "Ni kuroila hawa?" Kijana akanijibu, "Kuroila watupu mama, wameteremka na boti sasa hivi, bado wana usingizi." Shilingi 2,500 kimoja. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: wiki 12, Ramadhani inamalizika, majogoo nauza kwa pilau la Idd, tembe nabakisha wa mayai.

Leo wametimiza wiki nane. Nimepoteza sita: watatu walikufa kwa joto, wawili waliondoka wiki ya kwanza bila sababu ninayoijua, na mmoja alichukuliwa na kunguru mchana kweupe mimi nimeshika ufagio. Wamebaki 44. Jana nilikaa juu ya ndoo nikawahesabu mmoja mmoja, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma.

Kumi na tisa wana rangi za kila namna, wekundu, weusi, wa madoa, wana vifua. Hawa nadhani ndio nilioahidiwa. Kumi na mbili walipokuwa wadogo walikuwa wa manjano iliyopauka, sasa wamekuwa weupe wenye wekundu mabegani. Warefu, wembamba, kutwa wanakimbizana, chakula wanamaliza na mwilini hakuna kitu. Wanne ni weupe pe, wazito, hawatoki mbele ya sahani ya chakula, wakitembea hatua tatu wanakaa. Hao waliokufa kwa joto walikuwa wenzao hawa. Watano ni weusi wenye michirizi meupe. Wawili vishingo. Mmoja ana shingo kama ya twiga na macho ya hasira, keshawapiga wote.

Na kuna mmoja mdogo ndiye anayenitia wasiwasi. Alikuja na michirizi ya kahawia, miguu ya rangi ya chungwa. Wale wawili waliokufa wiki ya kwanza walifanana naye. Sasa manyoya ya mwilini ni ya kijivu na vidoto, lakini kichwa kinanyonyoka. Kipara kinakuja toka machoni kwenda juu. Nimempaka mafuta ya nazi na manjano siku tatu, nikidhani ndui. Kinazidi. Je, anaweza kuambukiza wenzake? Nimemtenga kwenye tenga, analia usiku kucha.

#2 Jimbi_la_Wete (Pemba)

Waalaykum salaam. Sikucheka mpaka nilipofika kwenye mafuta ya nazi na manjano.

Mama, huyo si mgonjwa. Huyo ni kanga.

#3 ShogaWaDarajani

Khe! Kanga mmoja? Basi umepunjwa shoga, doti haijatimia.

#4 MamaMudi

Kanga?? Kanga wa porini?

#5 Jimbi_la_Wete

Kanga wa kufugwa. Kifaranga chake ukikitazama haraka utasema cha kienyeji, kile cha mistari ya kahawia. Miguu ya chungwa ndiyo inayomtoa. Kichwa lazima kiwe kitupu, ndivyo alivyoumbwa, baadaye utaona na pembe ndogo inaota utosini. Mtoe kwenye tenga, mwache na wenzake. Analia kwa upweke, kanga hawezi kukaa peke yake.

#6 BibiMifugo

Jimbi amesema kweli. Na nadhani wale wawili walikufa kwa chakula: kifaranga cha kanga kinataka protini nyingi kuliko cha kuku, na baridi kidogo tu inakimaliza. Huyo mmoja ameishi kwa bahati yake.

Sasa tuje kwa hao wengine, maana ndio wenye pesa yako.

Wale 12 weupe wa mabega mekundu ni majogoo ya kuku wa mayai. Hili si la kubahatisha. Hawa kuku wa mayai ya kahawia wanaofugwa kila pahala, ISA Brown, Hy-Line, Lohmann, wamepandishwa makusudi ili kifaranga kikitoka kwenye yai kijieleze chenyewe: jike hutoka kahawia, dume hutoka wa manjano iliyopauka. Mfanyakazi anatenga kwa kutazama tu. Jike anauzwa kwa bei nzuri. Dume hatagi na hanenepi, kwa hiyo kwa mwenye mashine ya kutotolesha ni hasara. Wengine huwaua siku ile ile, wengine huwauza kwa bei ya kutupa, na wanunuzi huko mbele wanawapa jina jipya. Ukiona "kuroila" wote wamepauka rangi moja, rudisha mkono mfukoni.

Wale wanne wazito ni kuku wa nyama hasa. Kuku yule wiki ya sita anapita kilo mbili, na mwili wake haukutengenezwa kuishi zaidi ya hapo. Kifua kinakua, miguu na moyo vinabaki nyuma. Kwa joto letu hili la kaskazi wiki ya nane ni kumtesa. Chinja leo, usingoje Idd. Ukingoja Idd utamzika.

Wale weusi wa michirizi nieleze kitu kimoja: siku ya kwanza walikuwa weusi wenye doa jeupe kisogoni?

#7 MamaMudi

Ndio! Doa kama tone la maziwa. Wote watano. Mudi aliwaita maustadhi, kwa ile kofia.

#8 BibiMifugo

Basi waangalie vizuri upanga wa kichwani. Kuna namna ya kupandisha jogoo mwekundu kwa kuku jike wa michirizi: watoto wa kiume wote hutoka na hilo doa na baadaye wanakuwa wa michirizi, wa kike hutoka weusi watupu. Kama upanga wao umeshakuwa mkubwa na mwekundu kwa wiki nane, ni majogoo wote watano. Lakini Plymouth Rock wa asili jike naye ana doa, dogo kuliko la dume, na hata kuroila wapo wa michirizi. Kwa hiyo upanga ndio utakaosema, si doa.

Vishingo hawana ajabu. Akiwa kishingo mzazi mmoja tu, watoto wanaweza kutoka hivyo. Wapo katika kienyeji chetu na wapo hata katika Sasso, chotara wa Ufaransa. Shingo tupu inapunguza joto, hao hutawasikia wakihema mchana.

#9 Mwanakwerekwe_Boy

Mama siku nyingine tazama ubawa. Kifaranga chenye manyoya marefu na mafupi yaliyopishana ni jike, yaliyo sawa ni dume. Haikosei.

#10 BiTatu (Makunduchi)

Ubawa wa nini mwanangu. Sie tunatazama yai. La mchongoko jogoo, la mviringo tembe. Bibi yangu alikuwa haweki chini ya koo ila ya mviringo.

#11 BibiMifugo

Bi Tatu, shikamoo. Nakuheshimu ila hili tutakosana. Umbo la yai linatokana na koo mwenyewe, kila koo ana umbo lake. Jinsia kwa ndege inaamuliwa na mbegu ya jike na haionekani kwenye ganda.

Na wewe kijana, ubawa unafanya kazi kwa zile mbegu zilizopandishwa kwa ajili hiyo tu. Kwa kienyeji au mchanganyiko ni sawa na kurusha shilingi.

#12 BiTatu

Marahaba. Lakini bibi alikuwa na tembe wengi.

#13 Jimbi_la_Wete

Na majogoo alikuwa anawala 😂

#14 Muuza_Vifaranga

Mie nauza vifaranga, si hapo Fuoni wala si duka hilo, na nimesoma yote kimya. Semeni muuzaji mwizi, lakini sikilizeni na upande wa pili.

Vifaranga vingi hapa vinatoka bara. Boksi moja vifaranga 100, ndani lina vyumba vinne vya 25 25, na kwa kawaida wanazidisha viwili vya kufidia vifo. Kifaranga kikitoka kwenye yai bado ana kiini tumboni, kinamlisha siku mbili tatu, ndio maana anaweza kupanda boti na kuteremka bandarini Malindi, hapa Unguja, bila kula wala kunywa. Siku ya mzigo mie naweza kuteremsha boksi za watu watatu kutoka mashine tatu: nyama, mayai, chotara. Mteja anakuja anataka 10. Mwingine 15. Mwingine anataka "wa rangi rangi tu wa watoto kuchezea". Saa kumi jioni zimebaki boksi nne, kila moja ina vichache. Kijana wa duka anataka kurudi kwao, anavimimina pamoja chini ya balbu moja ili visife kwa baridi. Asubuhi unakuja wewe. Nani atakayejua kipi ni kipi? Vyote vya manjano na kahawia, vyote vinapiga kelele.

Hao kanga watatu nakuhakikishia hakuna aliyekuuzia kwa makusudi. Kanga ni ghali kuliko kuroila. Hapo aliyelia ni mwenye duka.

#15 MamaMudi

Ahsante kwa ukweli wako. Lakini kanga watatu walipotea njia, majogoo 12 nao walipotea njia? Kosa la mara moja nalielewa. Kosa la mara 12 lina baba yake.

#16 Muuza_Vifaranga

Hapo sina jibu. Hao 12 walikuwa boksi moja.

#17 KuchiWangu

Nyie mnazungumza kuku wa mashine, mie macho yangu yako kwa yule wa shingo ndefu. Mama, nijibu: anasimama wima au anainama kama kuku wengine? Upanga ni mdogo uliolala kama punje ya njugu? Manyoya ya kifuani machache, mifupa ya bega inaonekana? Nyusi zimetokeza juu ya jicho?

#18 MamaMudi

Anasimama kama askari. Upanga hauonekani sana. Nyusi ndio, ndio maana nasema ana hasira. Kifuani ngozi nyekundu inaonekana.

#19 KuchiWangu

Kuchi huyo, wale kuku warefu wa kupigana, au damu ya kuchi iko ndani. Nakupa elfu ishirini leo, nakuja mwenyewe Fuoni.

#20 Jimbi_la_Wete

Mama, usiuze! Anayekuja mwenyewe na pesa mkononi kabla ya kuona picha anajua anachokifuata. Hapa Pemba kuchi mzuri aliyekomaa humpati kwa hiyo, utaambiwa bei utafute pa kukaa.

Ila nikwambie na ubaya wake. Kuchi anachelewa kukua, jike wake mayai machache, na majogoo wawili hawakai banda moja. Akikomaa huyo, majogoo yako yote mengine yatakuwa na makovu. Mtenge mapema. Faida yake ni umbo: mpandishe kwa koo wa kienyeji, watoto wanatoka na mwili.

#21 KuchiWangu

Jimbi umeniharibia biashara bwana.

#22 Fundi_Banda

Swali kwa BibiMifugo. Mie nilikuwa na kuroila wa kweli kabisa, nikatotolesha mayai yao mwenyewe kwa mashine ndogo ya mayai 60. Watoto wamekuja kila namna, mwingine mkubwa, mwingine kama kienyeji wa kawaida. Nami pia niliibiwa?

#23 BibiMifugo

Hukuibiwa, ulijiibia. Kuroila ni chotara, alitengenezwa India kwa kupandisha kuku wa aina mbalimbali, na uzuri wake uko katika kile kizazi cha kwanza. Ukitotolesha mayai yake, kizazi cha pili kinatawanyika: mmoja anachukua ukubwa wa babu, mwingine udogo wa bibi. Vifaranga vingi vinavyouzwa mitaani kwa jina la kuroila ni hivyo, watoto wa kuroila waliototoleshwa nyumbani. Si wabaya, wanaishi na wanapambana. Ila si kile ulicholipia, na bei yake isingekuwa ile ile.

Ule mradi wa ACGG (African Chicken Genetic Gains) uliolinganisha kuroila na Sasso kwa wafugaji wa Tanzania ulipeleka kuku ambao asili yao inajulikana. Dukani sisi tunanunua jina. Kwa hiyo usiulize "ni kuroila?" maana jibu la swali hilo ni ndio siku zote. Uliza mashine gani, wametotolewa siku gani, wamepigwa sindano ya mahepe (Marek) au la, na boksi lao liko wapi. Boksi lina karatasi. Chukua 25 kutoka chumba kimoja, wewe mwenyewe ukiona kinafunguliwa. Ukitaka 10, unganeni wawili watatu mnunue chumba kizima mkagawane nyumbani.

Na mama, chanjo ulitoa? Vifaranga wa vyanzo vitatu pamoja, naogopa zaidi mdondo (Newcastle) kuliko rangi.

#24 MamaMudi

Mdondo siku ya saba na ya 21, Gumboro siku ya 14, yote kwenye maji. Maji ya kisima, si ya bomba, nilishafundishwa hilo mwaka juzi baada ya kupoteza wote.

#25 BibiMifugo

Mashaallah. Ndio maana una 44 wa kuuliza habari zao. Dawa ya maji ya bomba inaua chanjo. Asiye na kisima atie maziwa ya unga kidogo kwenye maji kabla ya chanjo.

#26 ShogaWaDarajani

Tunangoja habari za dukani, shoga. Utarudi au umesamehe kwa sababu ya Ramadhani?

#27 MamaMudi

Nimerudi leo, Ramadhani ya pili. Sikwenda na maneno. Nilimchukua mmoja katika wale 12 nikamtia kwenye tenga, nikapanda naye daladala, nikamweka juu ya kaunta. Mwenyewe alikuwapo, mzee wa kofia, si yule kijana. Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo, nimekuletea kuroila wako umsalimie." Kabla hajajibu jogoo akawika. Ile sauti ya pora anayejifunza, imekatika katikati. Watu wote dukani wakageuka.

Mzee alimnyanyua, akampima kifua kwa vidole viwili, akamwangalia mabega, akamrudisha tengani. Akauliza, "Wangapi?" Nikamwambia 12. Akamwita yule kijana kutoka nyuma. Hakumpigia kelele. Alimuuliza tu, "Boksi la manjano ulimuuzia nani?" Kijana akatazama sakafu, na mie nikapata jibu langu bila ya mtu kulisema.

Nimepewa mfuko mmoja wa chakula, na mzigo ujao 12 wa kutoka kwenye boksi, nichague mwenyewe. Pesa taslimu hakutoa. Nilikubali, mie nna saumu na jua lilikuwa kali.

#28 Mwanakwerekwe_Boy

Mama ungekomaa upewe pesa!

#29 MamaMudi

Wewe ungekomaa. Mie nilikuwa nimeshika tenga lenye kuku anayewika kwenye duka la watu.

#30 Fundi_Banda

Na wale weupe wazito?

#31 MamaMudi

Niliwachinja siku ile ile BibiMifugo aliyosema. Mkubwa alipita kilo tatu bila manyoya. Wawili tulikula kuku wa paka, wawili nilimpelekea mama mkwe. Ameuliza kama ninao wengine.

#32 MamaMudi

Idd mubarak nyote. Nafunga hesabu kwa waliouliza.

Wale 19 wa rangi: majogoo 11, tembe 8. Jogoo niliyempima wiki ya 12 alikuwa kilo mbili na robo. Wote 11 wameondoka kabla ya mwezi kuandama. Majogoo 12 ya mayai hakuna aliyefika hata kilo moja na nusu. Nimeuza saba kwa bei ya huruma, watano tumekula, na nyama yao si mbaya, ngumu kidogo, inataka kuchemshwa kwanza. Maustadhi watano wote walikuwa majogoo kama alivyosema dada yangu BibiMifugo, wameuzwa. Vishingo wote wawili wa kike, wamebaki. Kuchi yupo, ana banda lake, anamtazama kila mtu kama anamdai.

Nikitoa chakula, mkaa wa seredani wa zile wiki tatu za mwanzo, maranda na chanjo, sikupata faida ya maana. Nimepata tembe kumi na kuchi.

Tatizo ni kanga. Kila alfajiri, kabla hata ya waamshaji wa daku, alikuwa anapanda juu ya bati anapiga kelele. Jirani amesema mwezi mzima hakuhitaji kuweka saa, lakini sasa Ramadhani imekwisha na yeye bado anaamshwa. Nimfanyeje?

#33 Jimbi_la_Wete

Kelele yake ni ya pigo moja au mbili? Dume ana sauti ya pigo moja moja, kakaka. Jike ana ya mapigo mawili, ya pili inapanda juu.

#34 MamaMudi

Mbili. Ya pili inapanda mpaka kwa Mungu.

#35 Jimbi_la_Wete

Jike huyo. Anaita wenzake. Hatanyamaza kabisa, kanga ni mlinzi, akiona paka au mtu mgeni lazima aseme. Lakini akipata mwenzake atapunguza.

#36 BiTatu (Makunduchi)

Mie ninao madume wawili wa kanga, mmoja simhitaji. Njoo Jumapili na tenga lako. Sitaki pesa, niletee hao vishingo mayai yao wakianza kutaga, nichague ya mviringo.

#37 BibiMifugo

😂😂 Bi Tatu hajakubali.

#38 MamaMudi

Nakuja Bi Tatu, inshallah na gari ya saa mbili. Doti moja itimie. Lakini nitafungua tenga hapo hapo kwako nimtazame miguu na kichwa, nisije nikafika Fuoni nikakuta nimebeba kitenge.